Kona ya Mwalimu: Kitabu cha mama na makuta ya nyumba



Leo ninaweka pembeni mambo ya mitihani na kazi za nyumbani za watoto, ili nijibu swali lililoletwa kwangu na wamama wa vikundi viwili tofauti. Swali lenyewe ni hili: mama aliyeandika hadithi ndefu, anaweza kuitoa kama kitabu kwa makuta yake mwenyewe, bila kungoja kampuni ya vitabu imkubali? Na kama anaweza, je, ni vema afanye hivyo?

Swali limekuja kwa sababu mmoja wa wamama hao ameandika riwaya. Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni inayojaza kitabu kizima, ile ambayo masomoni tunaiita roman. Ameiandika usiku, watoto wakiisha kulala, katika madaftari saba ya shule. Ni hadithi ya muuza makala anayekimbia kijiji chake na watoto wa marehemu dada yake, anafika mjini, anaanza maisha upya kwenye udongo mweusi wa volkano. Nimesoma daftari mbili za kwanza, na ninawaambia kweli: nilitamani ya tatu.

Sasa zamu yake ya likelemba inakaribia. Atapokea dola 300, naye anataka kuzipeleka imprimeri. Mume wake hakukataa, lakini aliuliza, na swali lake ni la haki: mwezi ujao makuta ya masomo yatatoka wapi? Shemeji yake naye alisema kwamba watu wa hapa hawasomi, vitabu vitaliwa na panya. Mama huyo hakugombana na mtu. Alikuja kuuliza tu.

Tuanze na kuelewa kazi yenyewe.

Kampuni ya vitabu inapopokea andiko, inalisoma kwanza. Mara nyingi inalikataa. Ikilikubali, inamlipa mtu wa kusahihisha, inamlipa mchoraji wa jalada, inalipa imprimeri, kisha inatafuta maduka ya kuuzia. Kitabu kisipouzwa, hasara ni ya kampuni. Kikiuzwa, mwandishi anapata fungu dogo, mara nyingi kama sehemu moja kwa kumi ya bei. Anayejichapishia hubeba mzigo huo wote kichwani mwake: yeye ni mwandishi, yeye ni mlipaji, yeye ni mchuuzi. Faida yote ni yake, na hasara yote ni yake.

Kuna njia ya tatu inayochanganya watu, na ni vizuri tuijue. Ni ile ya mtu anayejiita kampuni ya vitabu, halafu anamwomba mwandishi alipe ili kitabu kitoke. Huyo hajakubali kitabu chako, amekubali makuta yako. Si lazima awe mwizi, kwa maana anakuuzia kazi kama fundi wa nguo anavyokuuzia kushona. Lakini muulize kama unavyomuuliza fundi: unanifanyia nini hasa, kwa bei gani, nakala ngapi, lini, na haki za kitabu zitabaki kwa nani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na wote wawili mtie sahihi.

Sasa niwaelezee mwanamke mmoja aliyepita njia hii. Alikuwa mwalimu na mama wa watoto watano, na aliishi katika mji wa ziwa kama huu wetu. Jina lake ni Asenath Bole Odaga, wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1937 upande wa Rarieda, karibu na Ziwa Viktoria. Alisomea ualimu, akafundisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliongoza shule ya wasichana ya Nyakach. Baadaye, akiwa tayari mama wa nyumba, alirudi kusoma kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi.

Vitabu vyake vya kwanza, vya watoto, vilitoka mwaka 1966 kwa njia ya kawaida, yaani kampuni ilivikubali na kuvichapa. Angeweza kuendelea hivyo. Lakini kampuni kubwa za Kenya zilikuwa Nairobi, na kwa sehemu kubwa zilikula kwa vitabu vya shule. Mwaka 1982 mama Odaga alianzisha mjini Kisumu nyumba yake ya vitabu, akaiita Lake Publishers and Enterprises. Pamoja nayo alikuwa na duka la vitabu, Thu Tinda. Maneno hayo ndiyo wazee wa Kijaluo hufungia hadithi zao za jioni, kama vile bibi zetu walivyokuwa na maneno yao ya kufunga hadithi karibu na moto.

Kupitia nyumba hiyo alitoa riwaya zake mwenyewe: The Shade Changes mwaka 1984, Between the Years mwaka 1987, na pia Riana. Alitoa pia vitabu kwa Kijaluo, lugha ya mama yake. Alifariki mwaka 2014, akiwa ameacha vitabu vingi vya watoto na vya watu wazima.

Wamama, tuangalie vizuri alivyofanya, tusivutwe tu na jina lake kubwa.

Kwanza, hakuanza kwa kujichapishia. Kati ya vitabu vyake vya mwaka 1966 na riwaya ya mwaka 1984 kuna miaka 18 ya kuandika, kusoma, kufundisha na kusahihishwa na wengine. Alipochukua mzigo mwenyewe, mikono ilikuwa imekwisha kuizoea kazi.

Pili, alikuwa na mlango wa kuuzia. Kitabu kilipotoka hakikuwa na haja ya kutafuta mahali pa kulala. Kilikuwa na duka, na duka lilikuwa katika mji ambao wasomaji wake waliishi. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanahesabu gharama ya imprimeri peke yake, kisha maboksi yanafika nyumbani, yanawekwa chini ya kitanda, na hakuna aliyewaza yatatokaje pale.

Tatu, hakungoja mji mkuu. Alifanya kazi yake palepale alipokuwa. Mwandishi wa Goma, kutoka hapa hadi Kinshasa hakuna barabara ya kumfikisha. Akingoja mpaka Kinshasa imwite, anaweza kuzeeka na daftari mkononi.

Huyo mama wa madaftari hana duka. Lakini ana kikundi. Kuna mwenye butike Majengo, kuna mwenye meza soko la Virunga, kuna anayefundisha Ndosho, kuna anayeimba kwaya Himbi. Hiyo ni milango minne, kabla hata hatujamaliza kuhesabu wanachama. Nitarudi kwenye jambo hili.

Sasa neno la shemeji: watu wetu hawasomi.

Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, maneno kama hayo yalisemwa pia. Kijana mmoja, David Maillu, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akaanza kutoa vitabu vyake. My Dear Bottle kilitoka mwaka 1973, After 4.30 mwaka 1974. Vilikuwa vidogo, vya bei ya chini, vya kuingia mfukoni, na viliandikwa kwa Kiingereza chepesi kuhusu maisha ya mjini, pombe, kazi za ofisi na mambo ya mapenzi. Mimi singevipendekeza kwa watoto wetu. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Lakini watu waliokuwa hawajawahi kununua riwaya walivinunua sana. Ilionekana kwamba watu wanasoma, mradi wapate kitu kinachowahusu, kwa lugha wanayoielewa na kwa bei wanayoiweza.

Angalieni hapa kwetu. Binti anayedaiwa kuwa hapendi kusoma hulala na telefone mkononi akisoma ujumbe mrefu kuliko kurasa kumi za kitabu. Mzee anasoma Biblia yake ya Kiswahili mpaka jalada linakatika. Tatizo letu si macho. Ni kwamba hadithi chache sana zinazouzwa hapa zinazungumza kuhusu muuza makala wa Goma.

Lakini hadithi ya Maillu ina upande wa pili, nisipousema nitakuwa nimewadanganya. Pamoja na kuuza vitabu vingi namna ile, baada ya miaka michache Comb Books ilianguka. Baadaye alianza upya na kampuni nyingine yenye jina lake. Kumbe kitabu kinaweza kupendwa na watu, na mwenye kitabu bado akaanguka. Kupendwa ni jambo moja, hesabu ni jambo lingine.

Basi twende kwenye hesabu. Bei ninazozitaja hapa ni za mfano tu, kila mmoja aulize imprimeri yake.

Tuseme nakala moja inagharimu dola 3 ukichapa nakala 100. Hiyo ni dola 300, likelemba nzima. Tuseme unauza dola 5. Ili urudishe makuta yako lazima uuze nakala 60, kwa maana 60 mara 5 ni 300. Faida inaanza kwenye nakala ya 61. Zinabaki 40. Sasa toa za zawadi: pasta, mjomba, mwalimu, rafiki aliyekusaidia kuandika kwa mashini, na wale wanaosema "dada yangu, hata mimi unaniuzia?" Tuseme hizo ni 20. Zinabaki nakala 20 za faida, yaani dola 100. Humo toa usafiri na aliyesahihisha. Na haya yote ni kama kila mteja alilipa papo hapo, bila deni. Ninyi mnaouza sokoni mnajua kama hilo linawezekana.

Imprimeri itakuambia pia: mama, ukichapa 500 nitakupa kwa dola 2 kila moja. Masikio yanasikia bei imeshuka. Lakini 500 mara 2 ni dola 1000, na sasa lazima uuze nakala 200 kabla ya kuona faida hata ya franga moja. Bei ya nakala imeshuka, hatari ya nyumba imepanda. Mtu wa mara ya kwanza asikubali mtego huo.

Juu ya hili la kuanza na kidogo, kuna mfano wa mbali unaojulikana duniani kote. Uingereza kulikuwa na binti mmoja, Beatrix Potter. Mwaka 1893 alimwandikia barua mtoto mgonjwa wa miaka mitano, akamsimulia kisa cha sungura mtundu na kukichora. Miaka ilipita, akakifanya kitabu, akakipeleka kwa kampuni kadhaa, zikakataa. Desemba 1901 alichukua akiba yake akachapa nakala 250 tu. Hakutumia rangi ndani, kwa sababu rangi ilikuwa ghali. Alitaka kitabu kidogo cha kushikwa na mkono wa mtoto na cha bei ambayo mtoto wa kawaida angeiweza. Nakala zilikwisha haraka, akaongeza nyingine kidogo. Mwaka 1902 moja ya kampuni zilizokuwa zimekikataa, Frederick Warne, ilikitoa yenyewe, na tangu hapo kimeuzwa kwa mamilioni. Sisemi kila mtu atapata bahati hiyo. Nasema tu kwamba kama nakala zile 250 zisingeuzwa, hasara ingekuwa ya kuvumilika. Huo ndio mpango wa mtu mwenye akili.

Kuna kazi nyingine ya kampuni ambayo mwandishi hawezi kuifanya peke yake hata akiwa na makuta: kuona makosa yake. Hakuna anayeona kisogo chake. Mwandishi anasoma alichotaka kusema, si alichoandika. Mjini Dar es Salaam wanawake wawili, Elieshi Lema na Demere Kitunga, walianzisha pamoja nyumba ya vitabu wakaiita E&D, herufi za kwanza za majina yao. Mwaka 2001 nyumba hiyo ilitoa riwaya ya Lema, Parched Earth, inayosimulia maisha ya mwanamke aitwaye Doreen tangu utoto mpaka ndoa. Lema alikuwa anatoa kitabu chake katika nyumba yake mwenyewe, lakini nyumba haikuwa ya mtu mmoja. Kulikuwa na jicho la pili. Mama wa madaftari naye atafute macho ya pili, na yasiwe ya mtu anayemwogopa au anayemsifu kila siku. Apate mmoja wa kusahihisha lugha, na mwingine wa kumwambia, "Hapa nimechoka, hapa sikuelewa, huyu mtoto ulimsahau njiani."

Wamama, hapa inakuja habari ya lugha. Huyo mama aliandika kwa Kiswahili chetu, kile tunachozungumza Birere na Katindo, na kuna mtu amemwambia aandike upya kwa Kifaransa ili kitabu kiheshimiwe. Ningependa ajue jambo lililotendeka katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1965, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa wazungu kiliamua kuandika historia ya mji kama wao walivyoiona: kutoka jikoni, kutoka uani, kutoka njia ya kwenda kazini. Aliyeandika aliitwa André Yav. Aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kama watu walivyokisema, na kitabu kidogo kikatolewa na chama chenyewe kwa mashini ya kawaida ya kunakilisha, bila kampuni yoyote. Kiliitwa Vocabulaire, nacho kilihusu mji wa Elisabethville. Miaka 25 baadaye, mwaka 1990, mwalimu wa chuo kikuu Johannes Fabian alikitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wataalamu wa nchi za mbali wanakisoma ili waelewe Kongo.

Ile haikuwa riwaya, ilikuwa historia. Lakini mwone: watumishi wa nyumba, kwa lugha ya mtaani, kwa mashini ya ofisi, waliacha kitu ambacho wakubwa waliowaajiri hawakukiacha. Kama wangengoja kujua Kifaransa cha kitabuni, tusingekuwa nacho. Kwa hiyo jibu langu kuhusu lugha ni fupi. Asahihishe tahajia, aandike neno moja namna moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, lakini asiitupe lugha ambayo wasomaji wake wataisikia kama sauti ya jirani.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote, nami naomba mlisome polepole. Hadithi nyingi za wamama wa Goma zimetoka katika machungu ya kweli: kukimbia, kambi, kupotelewa, kutendewa mabaya. Mwandishi anasema ni ya kubuni, lakini jirani anajitambua ndani yake. Katika kampuni ya vitabu kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza: huyu mwanamke wa sura ya tano, ni nani? Anajua kwamba umemwandika? Akitambuliwa, nani atamcheka, nani atamkimbia, nani atamdhuru? Anayejichapishia hana mtu wa kumuuliza hivyo, basi ajiulize mwenyewe. Abadili majina, abadili mitaa, abadili kazi na idadi ya watoto. Aliyekusimulia siri yake mlipokuwa mnalala kwenye hema moja hakukupa ruhusa ya kuiuza kwa dola 5. Unaweza kuandika uchungu bila kumwonyesha mwenye uchungu kwa kidole. Kitabu kikishatoka hakirudi tumboni.

Na haki za mwandishi je? Nchi yetu ina sheria inayolinda haki za watungaji, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kazi uliyoitunga ni yako, hata kama imprimeri ndiyo iliyoichapa. Weka madaftari yako ya kwanza, yaliyoandikwa kwa mkono na yenye tarehe, mahali pasipofika maji wala watoto. Ukimpa mtu andiko kwenye ufunguo wa kompyuta au kwa telefone, andika siku uliyompa na kwa kazi gani.

Sasa nijibu swali.

Ndiyo, mama anaweza kujichapishia, na mimi naona huyu wa madaftari saba afanye hivyo. Lakini dola zote 300 asizipeleke imprimeri mwezi huu. Makuta ya masomo ya watoto yatangulie, na katika hilo mume wake hakukosea. Kitabu kikicheleweshwa miezi sita hakiharibiki. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa malipo anaharibikiwa na mwaka.

Katika miezi hiyo sita afanye hivi. Mwezi wa kwanza na wa pili, watu watatu wasome madaftari yote na waseme ukweli. Wa tatu, asahihishe. Wa nne, kazi iandikwe kwenye kompyuta na aulize bei katika imprimeri si chini ya tatu, akiomba kila moja imwonyeshe kitabu ilichokwisha kuchapa, akifungue kwa nguvu aone kama kurasa zinatoka. Wa tano, aandikishe wanunuzi. Hapa ndipo milango ya kikundi inapofunguka: kila mwanachama atafute watu wawili wa kulipa nusu ya bei mapema, majina yaandikwe katika daftari la mhazini, na makuta yakae kwa mhazini, si kwa mwandishi, mpaka siku ya kuchapa. Wakipatikana watu 40 wa kulipa dola 2 na nusu, hizo ni dola 100 ambazo hazikutoka nyumbani. Mwezi wa sita, achape nakala 100, au hata 60, si zaidi. Wasipopatikana hata watu 15, hilo nalo ni jibu: makuta ya watu yarudishwe, hadithi ifanyiwe kazi zaidi au itafutiwe njia nyingine, na nyumba haijaumia.

Mtaona kwamba katika mpango huu neno "mwenyewe" limepungua nguvu. Ndivyo ninavyoelewa mambo. Mama Odaga alikuwa na duka, Lema alikuwa na Kitunga, watumishi wa Elisabethville walikuwa na chama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwandishi anaandika peke yake, hilo halikwepeki. Kutoa kitabu ni kazi ya wengi, na kikundi kinachojua kuzungusha likelemba bila kudhulumiana kinaweza kabisa kutoa kitabu.

Na faida yetu sisi tusioandika ni ipi? Mimi hufundisha watoto kusoma. Kila mwaka nawapa hadithi zenye theluji, treni na majina ambayo hawajawahi kuyasikia, nao wanasoma vizuri tu. Lakini siku niliposoma darasani ukurasa mmoja wa muuza makala, kwa ruhusa ya mwenyewe, mtoto mmoja wa nyuma ambaye huwa haongei aliuliza: "Mwalimu, na baadaye wale watoto walikula nini?" Swali hilo linastahili kitabu cha kulijibu.

Kwa mkutano wa wiki hii, vikundi vijadili maswali haya matatu. Kwanza, katika kikundi chetu kuna nani mwenye maandishi nyumbani ambayo hajamwonyesha mtu? Pili, mwanachama akitaka kuchapa kitabu, kikundi kiko tayari kumsaidia kwa kusoma, kwa kununua mapema, au kwa kuuza? Tatu, tutakubaliana vipi kulinda siri za watu zilizomo katika hadithi zetu? Katibu aandike majibu na kuyaleta kabla ya Ijumaa, nami nitayachapa hapa katika kona yetu wiki ijayo, bila majina.

Mwalimu wenu